Panya Wako Wanene na Mzani wa Baba Yako

Atupele mwanangu,

Marahaba. Najua hujaniamkia bado, lakini marahaba ya kesho nakupa leo kwa maandishi, maana kesho pale stendi nitakuwa nimeinamia mabegi yako na kugombana na konda, na wewe utanisalimia nikiwa nimekupa mgongo. Unanijua. Baba yako akitaka kulia hutafuta kwanza mtu wa kugombana naye.

Sitakuandikia habari za sweta, wala za kufunga mlango, wala za wanaume wa Morogoro. Hayo mama yako ameyasema tangu Jumapili, na wanaume wa Morogoro amewarudia mara nyingi kuliko sweta. Mimi nina neno moja tu. Ila mimi ni karani, na karani hawezi kukupa neno bila kukueleza limetoka wapi, kwa hiyo vumilia.

Tuanze na panya wako. Ulipotuambia umepata nafasi ya kusoma zaidi, nilitangaza mji mzima kabla hujamaliza kusema. Kanisani, sokoni, kwenye kibanda cha chai, kote nilipita. Shida ilikuja watu walipouliza unakwenda kusoma nini. Nikasema, "Mambo ya upasuaji wa utumbo." Wakapiga vigelegele. Mmoja akauliza, "Utumbo wa watu?" Hapo nikashikwa na kikohozi.

Mzee Saidi mwenye duka pale Msasani yetu ya Tukuyu hakuniachia. Ilibidi nimweleze yote: kwamba kuna panya wanalishwa mafuta makusudi mpaka wananenepa kupita kiasi, halafu mnawalaza usingizi, mnawapasua, mnaukata utumbo na kuuunga upya ili chakula kipite njia ya mkato, halafu mnawashona na kuwaangalia watakavyokuwa. Mzee Saidi akaweka chini kikombe cha kahawa.

"Yaani Baba Atu, mnawanunulia panya mafuta ya kula?"

"Ndiyo."

"Halafu wakinenepa mnawatibu?"

"Ndiyo, mzee."

"Mimi hapa nauza sumu ya panya mwaka wa ngapi sijui. Wananilia mchele, wananenepa bure, hakuna aliyewahi kuniletea daktari. Mwambie binti aje abebe wa kwangu, wameshanenepa tayari, asihangaike."

Nilicheka naye, lakini nilirudi nyumbani nimeudhika. Mwanangu wa pekee aliyefika chuo, na watu wote wa Tukuyu wanamjua kwa panya. Sikujua wakati ule kwamba panya haohao ndio watakaonitoa kwenye shimo nililojichimbia mwenyewe. Nusu ya habari hii unaijua. Nusu nyingine tulikuficha, kila mmoja kwa aibu yake.

Unakumbuka Jumamosi ile ulipotoka Mbeya na kile kipimo cha kutoboa kidole. Ukatutoboa wote wawili mezani, ukasema sukari ya mama imepanda na anatakiwa aanze kliniki, na ya baba inanyemelea. Ukatupangia chakula. Ndizi kidogo, maharage, mboga za majani kwa wingi, chai bila sukari, na kila jioni tupande mpaka Kawetele kwa miguu na kurudi. Tukakubali. Mama yako alikubali kwa kunyamaza, mimi nikakubali kwa hotuba.

Na tulifuata, Atupele. Chungu kimoja, sahani mbili zinazofanana, kilima kimoja. Baada ya muda suruali zangu zikaanza kushuka. Nikatoboa mkanda tundu jipya, kisha jingine. Watu wakaanza kuniambia, "Baba Atu, umekuwa kijana," na mimi nikaanza kuchomekea shati hata siku ya kwenda kukata majani ya ng'ombe. Nilivimba kichwa kuliko nilivyowahi kuvimba tumbo.

Mama yako naye alibaki vilevile. Gauni lake la bluu lilimbana mwezi wa kwanza, likambana mwezi wa tatu. Mimi nikaanza kumwangalia kwa jicho la karani. Hili jicho ndilo kosa langu, nataka ulielewe. Mimi nimepima majani ya chai tangu hujazaliwa. Mchumaji akileta gunia jepesi wakati mwenzake wa shamba la jirani ameleta zito, mvua ileile, jua lilelile, mimi huwa sijiulizi mara mbili. Najua majani yamekwenda mahali. Basi nikaona hapa kuna mume na mke, chungu kimoja, kilima kimoja, mmoja ameshuka na mwingine hajashuka. Nikajua ndizi zinakwenda mahali.

Nikaanza upelelezi. Nilihesabu ndizi kwenye mkungu asubuhi nikahesabu tena jioni. Nilinusa sufuria. Mama yako aliponikuta nimeingiza kichwa kwenye sufuria tupu aliniuliza kama nimepoteza kitu, nikasema miwani, na miwani ilikuwa usoni.

Halafu ukaja ule msiba wa Masoko. Unajua mama yako kwenye misiba ni mtu mkubwa, yeye ndiye anayeonja vyungu. Nikasema, hapo hapo! Anaonja hapa, anaonja pale, kwa jioni moja anaonja chakula cha ukoo mzima. Wanaume tukiwa tumekaa upande wetu, nikaaga kwamba nakwenda kujisaidia, nikazunguka kwa nyuma migombani, nikainama nyuma ya shina moja nikaanza kuchungulia jikoni kwa akina mama. Mtu mzima mimi, mzee wa kanisa, nimechuchumaa kwenye matope na suti ya msiba.

Mama yako alikuwa amekaa kwenye kigoda anakula mchicha. Mchicha mtupu. Chungu cha mbalaga, ndizi zimelainika na nyama juu, kilikuwa pale pembeni, na yeye hata hakukitazama. Nilikuwa nasubiri ageuke akitazame, mara nyuma yangu nikasikia sauti ya Mama Ipyana, yule jirani yetu ambaye hata akinong'ona anasikika mpaka Busokelo.

"We Baba Atu! Njaa imekuzidi fijo, imekuzidi kabisa, mpaka unavizia jiko?"

Akina mama wote wakageuka. Ningesema nini? Ningesema nampeleleza mke wangu? Nikasema ndiyo, njaa. Wakanihurumia. Wakanipakulia sahani ya mbalaga ndefu kama kichuguu, na wewe unajua kwetu ukikataa chakula cha msibani watu watakutafsiri vipi: ama una kinyongo na wafiwa, ama unadhani umewekewa kitu. Nikala. Nikiacha kidogo wanasema, "Maliza, baba, usione haya." Nilimaliza. Mama yako alinitazama tangu tonge la kwanza hadi la mwisho, na mchicha wake mkononi.

Mtu mwenye akili angejifunza palepale. Mimi nilirudi nyumbani nikiwaza kwamba mama yako ni mjanja, lazima aliniona mapema migombani.

Sasa habari ya mzani. Toleo uliloambiwa wewe ni kwamba mama alipimwa kwa utani kwenye kibanda changu cha kupimia majani ya chai na akakasirika. Sivyo. Mama yako hakatai utani, angekuwa anakataa utani asingeolewa na mimi. Siku ile alileta majani ya shamba letu. Mvua ilikuwa inanyesha, wachumaji wamejaa kibandani wakisubiri lori la kiwanda. Nilipomaliza kupima gunia lake nikasema, "Na wewe panda, Mama Atu, tuone." Watu wakacheka, naye akacheka, akavua ndala akapanda. Nikasoma kilo zake kwa sauti, ileile ninayosomea magunia. Halafu, kwa mazoea tu, nikasema, "Toa mbili za maji," kama tunavyokata kwa majani yaliyolowa. Kibanda kizima kikaanguka kwa kicheko. Hata yeye alicheka, nakuapia.

Ningeishia hapo tungekuwa salama. Lakini kicheko cha watu kilinilevya. Nikapanda mimi, nikasoma kilo zangu, nikashuka nikawageukia watu nikasema, "Chakula kimoja, jamani, sahani zinafanana. Sasa niambieni nyinyi, nani hapa anakula gizani?"

Hakuna aliyecheka, Atupele. Mama yako alivaa ndala zake, moja, kisha nyingine, akachukua kapu lake tupu akaondoka na mvua. Tangu siku ile hakukanyaga kliniki. Nilipomkumbusha tarehe alinijibu kwa adabu kabisa: "Huko kuna mzani, Baba Atu. Na mimi nimeshapimwa."

Aibu yake hiyo ndiyo iliyomfunga mdomo mbele yako. Yangu nilikuwa bado sijaijua.

Ukaja wewe wiki iliyopita kuaga. Ukamkuta mama amegoma kliniki, ukaniuliza kwa nini, nami nikakujibu kwa kifua, "Kwa sababu kule watamgundua." Wewe hukubishana na mimi. Ulikwenda chumbani ukachukua kadi yake ya kliniki ukanionyesha. Mpaka siku aliyoacha kwenda, sukari ya mama yako ilikuwa imeshuka vizuri, kila mwezi chini ya mwezi uliotangulia. Uzito umekaa, sukari imeshuka. Nikasema kadi ina makosa. Ukasema, "Haya Baba, leta kidole chako."

Sikutaka, kwa sababu mtu mwembamba atobolewe vya nini? Ukanitoboa. Ukaangalia kile kipimo, ukanitoboa kidole kingine. Kisha ukaanza kuniuliza maswali ya ajabu. Kama nina kiu. Nikasema ndiyo, ni kile kilima. Kama naamka usiku kukojoa. Nikasema ndiyo, ni ile kiu. Kama macho yananipotea. Nikasema miwani imechoka. Ukaweka kipimo mezani, ukasema, "Baba, huku si kupungua. Huku ni kuugua."

Kumbe ule wembamba nilioutembeza mjini nikiwa nimechomekea shati ulikuwa ni sukari yenyewe inanila. Na ile mikebe ya chai ya maziwa niliyokuwa nakunywa kibandani, ambayo sikuwahi kuihesabu kwa sababu siyo chakula, ni chai tu, wewe uliihesabu. Aliyekuwa anakula kwa siri ndani ya nyumba hii alikuwa mimi, na nilikuwa najificha hata mwenyewe. Nyani haoni kundule, lakini nyani wa kawaida walau hapigi mbiu kibandani.

Ndipo ukanisimulia vizuri habari ya panya, pale jikoni, unamenya viazi. Kwamba dume na jike mnawalisha chakula kilekile, mnawapasua kwa mkono uleule, mnaunga utumbo kwa njia ileile, halafu miili yao haijibu sawa. Uzito una njia yake, sukari ina njia yake, mafuta ya mwilini yana njia yake, na njia za dume si lazima ziwe za jike. Nikakuuliza kwa nini. Ukasema, "Hatujui vizuri, Baba. Ndicho ninachokwenda kutafuta." Ukaniambia pia kwamba kwa muda mrefu wengi walikuwa wanatumia madume peke yao, maana majike miili yao ina mizunguko inayosumbua hesabu, na kwamba huko uendako kuna ambao wamekushauri ufanye hivyohivyo ili umalize mapema.

Usiku ule sikulala vizuri, na si kwa ajili ya kukojoa peke yake. Nilikuwa nawaza jinsi ninavyolaumu watu wa mbali wasiowajali majike wa panya, na mimi hapa nyumbani nilichukua dume mmoja, tena mgonjwa, nikamfanya kipimo cha mke wangu. Jike alipotoka tofauti sikusema hesabu yangu ina kasoro. Nilisema jike ni mwizi. Ukikutana na jike wako wa kwanza asiyefuata hesabu, mwanangu, mkumbuke mama yako kwenye mzani, kabla hujamwondoa.

Hilo silo neno langu lile moja. Linakuja.

Jana ukatuambia mezani kwamba huendi. Ulisema bila kupandisha sauti: mmoja amegoma kliniki, mwingine amegundua juzi kwamba ni mgonjwa na bado anatafuta mkebe wa chai kwa macho, nani atawaangalia? Bora nafasi ipotee. Mama yako aliacha kula. Mimi nilitoka nje nikasimama kwenye mvua bila sababu yoyote. Nilijua kwamba ukibaki utakuwa umebaki kwa ajili ya mdomo wangu.

Basi leo jioni, ulipokwenda kuwaaga akina shangazi, nilimfuata mama yako jikoni. Nilikuwa nimejiandaa. Nikaanza, "Mama Atu, kwa mujibu wa utafiti wa panya..." Akaendelea kuchambua mchele. Nikajaribu njia nyingine, nikasema kama nilikosea kibandani basi nisamehewe. Akasema, "Kama?" Nikaondoa ile kama. Akasema amesikia, akaendelea kuchambua. Nikaona mke wangu amenisamehe kama mtu anavyomsamehe mgeni aliyevunja glasi, na kliniki hatakwenda.

Nikakaa chini kwenye kigunia cha mkaa. Nikamwambia habari ya dada yangu, shangazi yako Anyisile. Wewe ulikuwa mdogo mno. Alikuwa na mwili kama wa mama yako, kicheko kama cha mama yako, na sukari ilimkata mguu kwanza, kisha ikammaliza. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni siku ya kurudi kutoka hospitali, na alikuwa mwepesi upande mmoja. Sijawahi kumwambia mtu jambo hili. Nikamwambia mama yako kwamba kila nilipoona lile gauni la bluu bado linambana, sikuona gauni. Niliona jeneza. Na mimi sijui kuogopa, Atupele, sikufundishwa, najua kupima tu. Kwa hiyo niliogopa kwa mzani.

Mama yako aliweka ungo chini.

"Gwe Baba Atu," akasema, "miaka yote hii tunalala kitanda kimoja. Ungeniambia, 'Mama Atu, naogopa,' ningekula hata hayo majani yako ya chai. Mabichi."

"Sikujua kama linasemeka."

"Limesemeka sasa hivi, na paa halijaanguka."

Kisha akacheka, kile kicheko chenyewe, mpaka akajifuta macho na upande wa kitenge, na nadhani si yote ilikuwa kicheko. Akasema Alhamisi anakwenda kliniki, na mimi nakwenda naye kama mgonjwa mwenzake, na nikifungua mdomo kwenye foleni atamwita Mama Ipyana. Nikasema ndaga fijo. Sijawahi kuishukuru amri kama nilivyoishukuru ile.

Kwa hiyo sababu yako ya kubaki imekwisha. Wewe nenda. Wapasue panya wako, wanene na wembamba, na majike uwaweke ndani hata wakikucheleweshea shahada. Mzee Saidi nitamjibu mwenyewe.

Na lile neno langu ni hili. Tangu barua yako ya nafasi ifike nimekuwa nikikuuliza maswali ya kipuuzi. Chumba kina upana gani. Kutoka chumbani mpaka maabara ni umbali gani. Mshono wa panya una nyuzi ngapi. Wewe umekuwa ukijibu kwa subira na kunitazama kama mzee anayepoteza akili. Yalikuwa ni yaleyale, mwanangu, nilikuwa napima. Naogopa. Naogopa nyumba hii bila wewe, naogopa utaugua mbali na nitajua baada ya wiki, naogopa utarudi umekuwa mtu ninayemwamkia kwa heshima. Sasa nimekuambia, na wewe huna la kufanya juu yake, wala sikuambii ili ubaki. Nimesema tu ili kesho nikigombana na konda ujue si habari ya mabegi.

Mama yako amepita hapa akauliza naandika nini, nikamwambia. Amesema nikuandikie kwamba yeye haogopi hata kidogo. Amesema hivyo akiwa amekaa kwenye kitanda chako analikunja shuka lako la safari. Amelikunja vizuri, akalikunjua, sasa analikunja tena.

Nimeandika alivyosema.

Baba yako